Vifundo Nilivyofunga kwenye Kanzu za Watu

Shida zangu zilianza mwaka 1996, nikiwa na miaka thelathini na mmoja, asubuhi ambayo kisima kilimfunika mume wangu. Alikuwa mchimbaji wa visima kwetu Kitui. Udongo ulishuka wote kwa pamoja, bila kishindo, kama mtu anayekaa chini baada ya safari. Mwende wetu alikuwa na miaka mitatu, anacheza na ndoo kando yangu. Juu ya siku hiyo sitaandika zaidi ya hapo.

Nilisoma hadi darasa la tatu, kwa hiyo humu msitafute maneno makubwa. Nyinyi wasichana mnaopiga pasi sasa pale Naif, Dubai, ndio mlioniomba, siku ya kuniaga, niwaandikie nilivyofanya kazi miaka ishirini na miwili. Haya, naandika. Nimekaa mezani kwa Mwende huku JLT, mtaa mwingine wa Dubai, ghorofa ya juu, na daftari ni la mjukuu wangu, lina picha ya farasi mwenye pembe moja. Asubuhi nyingine ukungu unajaa chini, barabara hazionekani, na majengo yanabaki yakielea kama nguo zilizoanikwa bila kamba. Ukiwa na umri wangu unaweza kutazama kitu kama hicho hadi chai ipoe na hakuna wa kukuuliza. Vyeo na mshahara sivitaji. Vyeo nilikuwa navyo viwili, mguu wa kushoto na mguu wa kulia.

Kabla ya Dubai nilikuwa dobi wa mkono pale Kitui mjini kwa miaka saba. Nilifulia walimu, karani wa benki, na padri mmoja ambaye kanzu zake zilinukia nta. Pasi yangu ilikuwa ya mkaa. Pasi ya mkaa inakufundisha jambo ambalo hizi zenu za mvuke haziwezi, nalo ni woga. Cheche moja ikidondoka, shati la mtu limekwisha na jina lako pamoja nalo. Siku moja mama mfanyabiashara kutoka Nairobi, mmoja wa wale wanaokuja Naif kununua viatu na vitambaa vya jumla, alilala gesti ya mjini kwa sababu ya msiba, akaniletea nguo zake. Alipozichukua alipitisha kidole kwenye kola.

“Nani amepiga hii?”

“Ni mimi.”

“Wewe mwenyewe, au una mtu?”

“Mama, ningekuwa na mtu ningekuwa nimekaa.”

Akacheka. Akaniambia kuna dobi Naif ambako wanaume wanachoma kanzu za watu kila wiki na mwenye duka anatafuta mkono mtulivu. Nilikuwa na miaka thelathini na minane. Mwende alikuwa na kumi, nikamwacha kwa mama yangu. Nilimwahidi kitu kimoja, kwamba nitasimama kwenye hiyo meza ya pasi mpaka yeye avae sare ya nesi. Si nyumba, si shamba. Sare. Kila kilichonitokea baadaye kipimeni kwa ahadi hiyo.

Siku ya kwanza ilikuwa Agosti. Nilipofungua ule mlango wa nyuma mvuke ulinipokea usoni, na ndani ya mvuke kulikuwa na kanzu nyeupe zimetundikwa safu kwa safu hadi kwenye dari, zinayumba kidogo kwa sababu ya feni. Nilisimama pale nikidhani nimefika asubuhi ya Pasaka na watu wote wamefufuka isipokuwa miili yao. Halafu sauti ikasema kwa Kiarabu cha kazini, “Yalla, funga mlango, baridi inatoka.” Baridi gani, hadi leo sijui.

Aliyesema ni Chacha Bashir. Chacha kwa lugha yao ni baba mdogo. Alikuwa Mpakistani mwembamba, ndevu zimepakwa hina, amepiga pasi Deira tangu kabla majengo mengi hayajaota. Wiki nzima hakunipa pasi. Alinipa kiti, akapiga yeye, akaniambia nifumbe macho nisikilize. Pasi ikilia “sss” ndefu, nguo bado ina maji. Ikilia fupi-fupi, pitisha sasa. Ikinyamaza, umeshachelewa, omba msamaha kwa mwenye nguo. Nilikaa pale nimefumba macho, joto limenikumbatia, na mara nyingi sikujua kama nasikia pasi au nasikia mto wetu wa mchanga kule nyumbani, ule unaokuja na maji siku tatu kwa mwaka. Chacha alikuwa akinigonga goti kwa hanga. “Usilale.” “Silali, Chacha, nasikiliza.” “Basi usikorome.”

Andikeni haya, kwa sababu naona mnaharakisha. Kanzu ya hapa, kandura wanavyoiita wenyewe, huanzi kifuani. Anza na shingo. Kile kishada kinachoning'inia mbele kipitishie mvuke kwa mbali na ukichane kwa vidole, usikiguse na chuma. Kisha mikono, kisha mgongo, kifua mwisho, kwa sababu kifua ndicho watu wanachokitazama na kikikaa mezani muda mrefu kinajikunja. Stachi uipulize ukiwa umesimama mbali, iwe kama umande, si kama mvua. Kilemba ukikunje katikati ule mkunjo mmoja wa mbele uwe mkali. Wenyeji wanaweza kukusamehe kola, lakini mkunjo wa kilemba hawakusamehe. Doa la chokoleti ni maji baridi kwanza. Mkipitisha pasi juu ya doa mmeliandika humo milele. Na msimame juu ya katoni, si juu ya sakafu tupu. Mtanikumbuka mkifika hamsini.

Kazi ngumu zilikuwepo. Wiki za Idi tulisimama hadi miguu ikawa ya mtu mwingine. Siku moja lilikuja joho jeusi la bwana harusi, pembeni limetariziwa uzi wa dhahabu, na kila mtu akaliogopa, maana uzi ule ukiguswa na chuma unakuwa mweusi na haurudi. Chacha akashika ncha moja, mimi nikashika nyingine, nikavua kitambaa changu cha kichwa nikakiweka juu ya dhahabu, tukapiga pasi juu ya kitambaa. Bwana harusi hakujua alioa amevaa jasho la Mkamba.

Sasa vifundo. Hapa ndipo mnaposikia hadithi nusu-nusu kwa watu, na mimi sipendi nusu.

Kila kanzu ya mteja wa kudumu ilikuwa na kipande cha kitambaa chenye namba, kimeshonewa ndani ya pindo la ubavuni, na uzi wake mweupe ukibaki unaning'inia kidogo. Chacha alikuwa na desturi yake. Kanzu ikiwa mpya, kila inapofuliwa alifunga fundo moja kwenye uzi ule. Vikifika vifundo kumi, kitambaa kimeshalainika, anapunguza stachi, anakata ile ncha yenye vifundo, basi. Ilikuwa hesabu ya dobi tu. Na yeye alikuwa Mwislamu wa kuswali tano, hakuona neno.

Mimi nilikuwa na hesabu yangu. Siku zile Jumapili yetu ilikuwa Ijumaa, ndipo tuliposali Misa, na siku nyingine zilizobaki sala zangu zilikuwa pale pale mezani. Lakini rozari utaishikaje? Mkono wa kulia una pasi, wa kushoto una nguo. Kanzu moja, ukiipiga vizuri, inatosha fungu moja la rozari, Salamu Maria kumi. Nikaanza kumwombea kila mwenye kanzu fungu moja, na nikimaliza nafunga fundo kwenye uzi wake. Chacha alikuwa akikata vya kwake. Vyangu sikukata. Ningekataje sala ya mtu? Kanzu iliyokuja kila wiki kwa miaka, uzi wake ulijaa vifundo vidogo vigumu kama mbegu za mtama. Nilivificha kwa kuvikunjia ndani ya pindo, si kwa ubaya, ili visimkwaruze mtu.

Nakato aliviona. Nakato alikuwa Mganda, tulipiga pasi pamoja na tulilala chumba kimoja, mdomo wake haukuwa na mlango. “Banange, Mama Mwende, umewafunga wanaume wa Dubai wote! Mimi nifungie mmoja tu, mwenye gari.” Na siku moja, arbab, ndiye mwenye duka, ananifokea kwa sababu ya kifungo kilichopotea, Nakato akamwambia akicheka, “Boss, usimkasirishe huyu. Kwao wana dawa kali.” Arbab akacheka. Mimi nikacheka. Tulicheka vibaya.

Ukipiga nguo za mtu miaka mingi unamjua kuliko anavyojua. Nilijua aliyeacha sigara na aliyemdanganya mkewe kuwa ameacha. Nilijua aliyenenepa kabla ya fundi wake. Mteja namba themanini na sita sikuwahi kuona uso wake, nguo zililetwa na dereva. Lakini kanzu zake zilikuwa na alama za vidole vidogo. Zilianza chini karibu na pindo, uji, nadhani, au ndizi. Baadaye zikapanda chini ya goti, chokoleti. Kisha gotini, kisha juu ya goti, rangi za kuchorea. Mtoto alikuwa anakua kwenye kanzu ya baba yake, na mimi nilikuwa nikimfuta kila wiki. Nilimzoea. Chacha alipokuwa amekwisha kwenda kwao kupumzika na meza imebaki yangu, nikiona lile furushi la themanini na sita nilianza nalo, nikitafuta amefika wapi.

Halafu alama zikakoma. Wiki moja, mbili, nikasema wamesafiri. Mwezi wa tatu nikajua. Hakuna aliyeniambia, nani amwambie mpiga pasi? Kanzu zilikuja safi gotini, na kola zikawa zinapwaya. Nikaacha fungu moja, nikawa namsalia rozari nzima, vifundo vitano kwa kanzu, nikizunguka na ule mvuke kama mtu anayetembea usingizini.

Ulikuwa mwaka wangu wa kumi na moja pale. Mwende alikuwa chuoni, mwaka wa kwanza wa unesi.

Siku moja Themanini na Sita alikuja mwenyewe, saa nne asubuhi. Hapo ndipo nilipomwona, mtu mrefu, macho yamezama. Alikuwa ameshika kanzu moja amegeuza ndani nje, na uzi unaning'inia. Hakupiga kelele. Alimwuliza arbab kwa Kiarabu nani amefunga hivi. Arbab alipouona uzi ule alirudi nyuma hatua moja, na nikaona ule mzaha wa Nakato ukipita usoni pake. Jamani, huku mambo ya uchawi si stori za jikoni. Ni polisi, ni mahakama. Mtu huyo alimzika mwanawe, na sasa mkewe amekuta mafundo ameshonewa ubavuni, kila kanzu, mengi tangu mtoto alipofariki. Ningekuwa yeye ningefikiri hivyo hivyo.

“Ni mimi,” nikasema.

Arbab akaniambia mbele ya watu, “Kesho nafuta viza yako. Khalas.” Themanini na Sita akasema hapana, kwanza polisi. Kisha simu yake ikalia, akasikiliza muda mrefu, akaitika kwa upole, na akasema mama yake anataka aletewe huyo mwanamke kabla ya yote, na kanzu zote.

Nakato alikuwa ameshika mdomo wake kwa mikono miwili. “Ulimi wangu, Mama Mwende. Ulimi wangu!” Nikamwambia azime pasi, inaungua.

Arbab alinipeleka mwenyewe na gari la kusambazia nguo. Nyuma yetu kanzu za wateja zilikuwa zimetundikwa, zikigusana kila tulipokata kona, kama watu wanaonong'ona juu yako na hawajali kama unasikia. Arbab hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa duka lake kufungwa. Njia nzima alinifundisha. “Wewe sema hesabu ya kufua. Bashir alikufundisha, sema. Kufua, kufua tu. Neno sala usilitaje. Sala ya dini nyingine kwenye nguo ya mtu aliyefiwa? Wallah, nami sitaweza kukusaidia.”

Na mimi nikakubali. Nawaambia ukweli. Niliupanga uongo ule vizuri neno kwa neno kwa Kiarabu cha kazini, nikaurudia kama sala. Haukuwa hata uongo mkubwa. Chacha alikuwa akifunga kweli. Nilimwona Mwende amekaa darasani na daftari lake, nikasema, Mungu atanisamehe kufikia jioni, mtoto atamaliza masomo.

Nyumba yao ilikuwa na ua na mti wa mkungu wenye kivuli, na ndani chumba cheupe, pazia jeupe, jua linachujwa na lile pazia hadi linakuwa maziwa. Bibi, yule mama aliyeniita, alikuwa amekaa chini kwenye godoro, amejifunika shela nyepesi, tasbihi mkononi. Themanini na Sita akakaa karibu na mlango. Arbab akabaki nje. Nikafungua mdomo nianze ule uongo wangu.

“Karibu,” bibi akasema. “Kaa kitako, mwanangu. Nambiwa watoka Kenya. Mie mzaliwa wa Unguja. Wanangu Kiswahili wanakisikia, kukijibu ndiyo hawataki.”

Niliketi. Uongo nilikuwa nimeuandaa kwa Kiarabu. Kwa Kiswahili sikuwa nao.

“Haya nambie,” akasema. “Ulikuwa ukifunga nini?”

“Sala, mama.”

Nikamsikia mwanawe akivuta pumzi. Bibi hakumtazama.

“Sala hufungwa?”

“Huhesabiwa. Mkono mmoja una pasi, wa pili una nguo. Hiyo uliyoshika wewe, mimi ningeishika na nini?”

Akaitazama tasbihi yake. “Sala zenu nyie.”

“Sala zetu. Nyingine sizijui.”

“Katika dini yetu fundo lina habari yake. Twaomba kinga na shari ya wanaopuliza mafundoni. Hulijui hilo, na miaka yote umekaa nchi hii?”

“Sikulijua. Mimi nilifunga tu, sikupuliza. Anayepuliza ni pasi.”

Bibi akatoa sauti ndogo puani. Ilikuwa kicheko, lakini kilichoka njiani. Mwanawe akasema kwa ukali kwa Kiarabu, muulize kwa nini kanzu za tangu mwaka jana zina vingi hivi. Nilielewa kabla bibi hajatafsiri.

“Kwa sababu ya mtoto,” nikasema.

“Mtoto gani?” Mwanawe alisimama. “Nani amekwambia habari za mtoto?”

“Nguo zako, sir.”

Nikawaeleza. Nilieleza kwa Kiswahili, nikimtazama bibi, na mikono yangu ikaonyesha juu ya kanzu iliyokuwa sakafuni: hapa akiwa anatambaa, hapa akisimama, hapa akikukimbilia ukirudi kazini, kwa maana alama zilikuwa mbili-mbili, mikono yote miwili. Hapa chokoleti. Hapa rangi, alipenda kijani. Na kutoka hapa hakuna tena. Mimi ni mama, nilisema, najua mtoto haachi kukua kwenye goti la baba yake bila sababu.

Feni ilizunguka.

“Ziko wapi?” bibi akauliza.

“Nini, mama?”

“Hizo alama.”

“Nilizitoa. Ndiyo kazi yangu. Ile ya mwisho ilikuwa ya kijani, niliitoa kwa spiriti. Ningejua ni ya mwisho, ningeiacha.”

Bibi alifunika uso kwa pindo la shela yake. Mwanawe alitazama ukutani. Nami nikajua nimekwisha, kwamba nimesema yote niliyokatazwa na zaidi, na Mwende atatolewa chuoni kwa sababu mama yake hakuweza kudanganya kwa lugha yake. Nilingoja polisi. Sikulia. Mimi silii mbele ya watu nisiowajua.

Bibi alipofunua uso akaita aletewe kopo lake la sindano na bakuli la maji ya vuguvugu. “Vifundo vitafunguliwa,” akasema. “Haviwezi kukaa. Lakini atavifungua aliyevifunga, kimoja kimoja, nami nitasoma juu ya kila kimoja. Wewe sogea hapa.”

Kanzu tisa. Stachi ya miaka ilikuwa imevifanya vifundo vigumu kama mawe. Unalowesha, unangoja, unaingiza ncha ya sindano, unatikisa polepole. Ncha za vidole vyangu zilikwisha kuungua siku nyingi, hazihisi kitu, kwa hiyo nilifanya kwa macho. Bibi alishika mwisho wa uzi kwa vidole vyake vilivyokauka, na kila fundo lililofunguka alisoma sura yake ya kuomba kinga, sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mtoto ambaye ameshalala. Mimi midomo yangu ilijisogeza yenyewe. Siwezi kufungua sala ya mtu nikiwa kimya. Aliniona. Hakunizuia. Jua lilihama kwenye zulia, likapanda ukutani. Adhana ya adhuhuri ilipita juu yetu, akaswali nikamngoja, akarudi tukaendelea. Wakati mwingine sikujua tena kama nafungua au nafunga, mkono wa nani ni wa nani, wala kama niko Dubai au ndani ya kitu cheupe kisicho na nchi. Kuna siku nadhani niliota. Lakini nina alama ya sindano kwenye kidole gumba.

Kwenye kanzu ya tisa, Themanini na Sita aliondoka mlangoni. Akaja akapiga magoti, akashika pindo kwa mikono yote miwili, akalivuta likae sawa ili niweze kuona. Alilishika hivyo hadi mwisho, nami nikamwambia kama ninavyowaambia nyinyi, “Usivute sana.” Akalegeza.

Uzi ulipobaki mtupu bibi akaukata na mkasi.

“Uombe, mwanangu,” akaniambia. “Hilo sikukatazi. Lakini usifunge.”

“Nitajuaje nimefika wapi?”

“Kwani wataka kufika?”

Nje, Themanini na Sita alizungumza na arbab kando ya gari, amempa mgongo. Nilisikia neno moja tu, khalliha, mwache. Arbab akaitika mara tatu. Tulipofika taa za mwisho kabla ya Naif ndipo aliponiuliza. “Umesema kufua?” “Nilisema sala.” Akapiga usukani kwa kiganja, akacheka peke yake, akasema, “Majnuna,” mwendawazimu. Viza yangu haikufutwa. Miaka miwili baadaye Mwende alinitumia picha amevaa sare, kola imepigwa vibaya, nikamwambia hivyo, akakata simu, akapiga tena.

Themanini na Sita hakuleta nguo kwetu tena, na simlaumu. Namba yake akapewa mhandisi mmoja anayemwaga mchuzi. Bibi sikumwona tena. Wiki za kwanza vidole vyangu vilitafuta uzi kila nilipomaliza kanzu, vikikuta hewa. Baadaye vikaacha. Nimewaombea watu tangu siku hiyo na sijui mara ngapi, na nyinyi mliosimama karibu yangu mlidhani naongea na pasi. Mkiniuliza kazi niliyoiweza kuliko zote, si joho wala kilemba. Ni ile ya kufungua, siku ile, bila kukata fundo hata moja.

Mwende yuko hapa sasa, nesi, na mumewe ambaye ni mtu mwema akishakula. Shule zikifungwa tunapanda ndege wote kwenda nyumbani, wao wanarudi, mimi nabaki. Kwa kuwa mtaniuliza nimepata nini, hivi ndivyo nilivyo navyo leo.

Nyumba ya matofali Kitui, vyumba vitatu, bati la kijani.

Tangi moja la maji.

Ng'ombe wawili na ndama.

Mbuzi, kwa kadiri fisi anavyotaka.

Rozari mbili, ya mbao na ya plastiki.

Pasi tatu, moja haifanyi kazi.

Viatu vipana vya kusimamia.

Binti mmoja. Wajukuu wawili, Kikamba hawajui, nitawafundisha kwa nguvu.

Pasipoti moja. Viza ya kazi moja, iliyofutwa. Niliomba mwenyewe ifutwe, siku niliyotimiza miaka sitini.